Kinachotembea Kibaki

Ukitaka kumjua mtu anayecheza na treni ndogo za mezani, muulize maswali mawili. La kwanza: una vichwa vya treni vingapi? Hapo atakohoa, atatazama dari, kisha atataja nusu ya alivyonavyo. La pili: kati ya hivyo, vingapi vinatembea? Hapo hatasita hata kidogo, na atatia chumvi mpaka mchuzi usilike. Mzee Lifti alikuwa mkweli kuliko wenzake wote wa chama chao cha wapenda treni, ila kwa maswali hayo mawili hakuwa na tofauti nao.

Jina la Lifti alilipata kazini. Alitengeneza lifti maisha yake yote mpaka akastaafu, na alikuwa na desturi moja iliyowachosha wasimamizi: hakutia saini kwamba lifti imepona mpaka aipande mwenyewe, peke yake, toka chini hadi juu na kurudi. Mota kuzunguka, alikuwa akisema, si lifti kutembea. Lifti ngapi mota yake inanguruma vizuri huko juu, na watu wamekwama kati ya ghorofa wanatubu dhambi zao? Siku moja meneja wa jengo fulani la maofisi alimbembeleza asaini tu, maana wageni wakubwa walikuwa mlangoni. Mzee Lifti akamjibu kwa upole kwamba wageni wana miguu. Wageni wakapanda ngazi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Mtaani walimwita Mama Vifungo, kwa sababu hakuna kifungo kilichopotea mjini ambacho yeye hakuwa na pacha wake kwenye makopo yake. Alishonea sebuleni, kando ya dirisha, futi kamba imening'inia shingoni kutwa nzima. Watu walipomuuliza anawezaje kuishi na mzee mwenye treni, aliwaambia ukipenda boga, upende na ua lake. Ila ua hilo lilikuwa limetambaa hadi likameza chumba cha pili kizima. Meza ya mbao ilizunguka kuta tatu, juu yake kukiwa na stesheni, daraja, na mlima wa magazeti yaliyolowekwa kwa gundi. Nyasi za mlima ule zilikuwa mabaki ya kitambaa cha kijani cha Mama Vifungo, yaliyokatwakatwa kwa mkasi wake mzuri bila ruhusa. Kwenye ukuta wa nne, rafu kwa rafu, ndiko vilikokaa vichwa vyenyewe.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Mzee alikuwa ameanza na kichwa kimoja na mabehewa machache, akaongeza cha pili ili cha kwanza kisiwe mpweke, na tangu hapo kila kichwa kilichoingia kilikuwa na sababu yake nzuri. Kuna siku alirudi nyumbani na kichwa chekundu chenye mstari wa njano, uso unang'aa, akaenda kukipanga rafuni akakuta ndugu wa kichwa hicho amekaa pale pale, mwekundu vile vile, mstari ule ule wa njano. Alivitazama vyote viwili kwa zamu. Kisha akamweleza mkewe kwamba kimoja ni cha kwenda na kingine cha kurudi.

Mama Vifungo alicheka, lakini masikio yake hayakuwa ya kudanganywa. Mtu anayejua cherehani kwa mlio anajua na treni kwa mlio. Kila jioni, akiwa anashona, alisikia vichwa vile vile: kimoja kilichopiga filimbi nyembamba, kimoja kilichochechemea kwenye kona, na kingine cha mizigo kilichovuta pumzi kama mtu mwenye mafua. Vilivyobaki havikusikika kabisa. Alijua pia kwamba mumewe hajui hilo. Mzee Lifti aliamini kwa moyo safi kwamba vyote vinatembea, kwa kuwa siku alipovinunua vilitembea.

Kimoja tu kilikuwa na ruhusa ya kutotembea, nacho kilikuwa cha kijani. Mama Vifungo ndiye aliyekinunua, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kwenye duka la vitu vya mitumba, baada ya kushona sare hadi vidole vikavimba. Kilikuwa kizito, chenye kingo za shaba. Mumewe alipokifungua alikishika kwa mikono miwili, akamkumbatia, akasema hiki si cha kila siku, hiki kitangoja siku yake. Akakipandisha kwenye rafu ya juu kabisa. Kila mwaka, tarehe ya ndoa yao ikifika, alikishusha, akakifuta, akakitia tone la mafuta, akakirudisha. Siku yake haikuwahi kufika, na Mama Vifungo hakuona ubaya. Hata yeye alikuwa na seti ya glasi ambazo hakuna mgeni aliyewahi kustahili kuzinywea.

Basi ikaja habari. Binti yao, ambaye ni mkunga, alipata kazi kwenye hospitali ya mjini pale, na alikuwa anarudi nyumbani na mtoto mchanga, maana mumewe ni baharia na nchi kavu huiona kwa nadra. Angehitaji chumba. Mama Vifungo alikwisha kushona na pazia kabla hajamwambia mzee. Alipomwambia, mzee aliruka kwa furaha ya mjukuu, akakubali meza iondoke, ibaki ya kukunja tu, ya kutandaza sebuleni mara moja moja. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama vichwa vyake vinaweza kuhamia kwenye rafu za ukumbi, vyote.

Mama Vifungo alipiga moyo konde. Nyumba ni ndogo, mtoto anakuja, na huruma ya siku moja ingewafanya wote waishi wakipita kwa ubavu.

"Kinachotembea kibaki," alisema. "Kisichotembea kiondoke."

Mzee akauliza kutembea maana yake nini. Mkewe akamwambia maana yake ni ile ile aliyokuwa anawaambia mameneja. Mzee Lifti alijikuna kidevu, na Mama Vifungo akajiandaa kwa maneno mengi. Hayakuja.

"Sawa, mama. Ila na wewe uwepo. Nikijipima mwenyewe nitajihurumia."

Jumamosi wakakaa. Sharti walilokubaliana lilikuwa jepesi: kichwa kitoke stesheni, kipite daraja, kiingie mlimani, kitokee upande wa pili na kurudi stesheni, bila kusukumwa. Kitakachoshindwa kitaingia kwenye sanduku la kupelekwa chamani, wenye nafasi na subira wakagawane. Kilichochechemea kilizunguka kikachechemea hadi mwisho. Cha mafua nacho kikafika. Baada ya hapo mambo yakaenda mrama. Kimoja kilinguruma bila kusogea. Kimoja kilitoa moshi, na hakikuwa cha moshi. Kile chekundu cha kwenda kilikwenda nusu kikafa darajani, na kile cha kurudi hakikuondoka kabisa. Mafuta yalikuwa yameganda ndani kwa miaka, yakawa gundi.

Mama Vifungo alikuwa amekuja kama hakimu, lakini kabla ya saa sita mchana alijikuta anaviombea. Kuna kidogo cha bluu kilichoingia mlimani na kukawia. Kilipochungulia upande wa pili kilikuwa kinakata roho, kimebakiza urefu wa kiganja kufika stesheni, naye akanyoosha kidole akisukume. Mzee Lifti alimshika mkono.

"Usikisaidie," alisema, na kidogo cha bluu kikaingia sandukuni.

Hakutoa kisingizio hata kimoja. Hakusema reli zina vumbi, hakusema umeme mdogo. Kila kilichoshindwa alikizungushia kitambaa na kukilaza taratibu, huku masikio yake yakizidi kuwa mekundu. Mama Vifungo alimwonea uchungu, na zaidi ya uchungu alimwonea fahari. Wanaume wengi aliowajua wangekwisha kugombana na meza. Walipomaliza rafu zote, kati ya vichwa zaidi ya hamsini vilivyobaki vilikuwa kumi na kimoja.

Ndipo mzee alipopanda kigoda, akashusha kile cha kijani. Akakifunika kitambaa, na bila kukigusisha kwenye reli, akakilaza sandukuni juu ya wenzake.

Mama Vifungo aliweka mkono juu ya sanduku. Sheria ilikuwa yake, na sasa ilikuwa imerudi kumng'ata.

"Hicho hujakijaribu."

"Hakitembei, mama."

"Umejuaje, na hakijawahi kugusa reli?"

Mzee Lifti aliketi. Alikitoa, akachukua nyaya mbili za transfoma na kuzigusisha kwenye magurudumu. Yakazunguka hewani, laini, bila kelele, kama cherehani iliyotoka kupakwa mafuta. Mama Vifungo akasema si hicho kinazunguka. Mumewe akamjibu kwamba kinazunguka, ndiyo, ila hakitembei. Kisha, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kulisema, akakiweka juu ya reli.

Magurudumu yalikaa nje, huku na huku, na reli mbili zikapita katikati yake bila kuguswa. Kilisimama kama mtu aliyetanua miguu juu ya mtaro. Mama Vifungo, ambaye alipima mabega ya watu kwa jicho wakiwa bado mlangoni, alielewa papo hapo. Alikuwa amenunua saizi ya treni nyingine kabisa, kubwa kuliko reli ya mumewe. Maisha yao yote ya ndoa kichwa kile kilikuwa juu pale kwa sababu hakikuwa na pa kukanyaga.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kabla sijamaliza kukifungua."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa umefurahi," alisema mzee. "Na mimi nilikuwa nimefurahi. Ningeharibu kwa nini?"

Mkewe akamuuliza, basi leo kwa nini anakitoa? Mzee alieleza huku anakiangalia kichwa, si yeye. Alisema sheria aliyoiweka mkewe ni ya haki, na wameitumia kwa vyote. Akikibakiza hiki kwa sababu anakipenda, basi vile vingine amevionea, na kile kidogo cha bluu zaidi ya vyote.

Mama Vifungo uso ulimwaka kwa aibu, kisha akacheka, kisha ikabidi afute macho kwa upindo wa kanga. Alimpenda mzee yule pale mezani kuliko siku ya harusi, na hilo halikuwa jambo dogo, maana siku ya harusi alikuwa na nywele. Akavua futi kamba shingoni. Akapima nafasi kati ya gurudumu na gurudumu. Akaondoka, akaenda kupima ukuta wa sebule, toka mlango wa jikoni mpaka kwenye cherehani yake.

"Baba," aliita kutoka kule, "lifti nzima, isiyo na njia yake ndani ya jengo. Ulikuwa unaiandika mbovu?"

Mzee Lifti hakujibu haraka, kwa sababu swali lilikuwa la kazi na kazi haikuwa ya mzaha. Alifikiri kwa haki.

"Hapana," alisema mwishowe. "Hapo ningeandika jengo ndilo bovu."

"Haya, tengeneza jengo. Nguo ikimbana mtu hatumkati mtu."

Reli pana hazikupatikana dukani, kwa hiyo alizitengeneza. Alinyoosha vipande vya shaba kwa nyundo ndogo, akakata mataruma, vile vipande vya kulazia reli, kutoka kwenye mbao za kabati lililovunjika, akayapigilia kwenye rafu nyembamba ukutani kwa kipimo alichoandikiwa na mkewe kwa chaki. Sanduku lilipelekwa chamani. Wenzake walipoona alivyoleta walidhani mzee ni mgonjwa, na wawili wakaja nyumbani kumjulia hali.

Binti alipofika na mtoto mgongoni, chumba kilikuwa tupu, pazia limetundikwa, na kwenye rafu mbili za ukumbini vichwa vimepangwa kwa nafasi, kila kimoja kimeachiwa pumzi. Alisimama akivitazama. Aliwahi kulala chumba kimoja na jeshi zima la vichwa utotoni, hivyo alishangaa.

"Baba, siku hizi una vichwa vingapi?"

Mzee Lifti hakukohoa wala hakutazama dari. "Kumi na viwili."

"Na vinavyotembea?"

"Ngoja kwanza," alisema, akamwingiza sebuleni.

Kichwa cha kijani kilikuwa mwanzo wa reli, mlangoni pa jikoni, kimefungiwa behewa moja, na ndani ya behewa kifungo kimoja cha gauni lililokuwa likishonwa. Kilikuwa hakijawahi kujaribiwa mbele ya mtu. Mzee alifungua umeme kidogo kidogo. Kikatetemeka, kikasita, kikaondoka. Kwa kuwa hakuweza kukipanda, alitembea nacho sambamba, mikono nyuma, sikio ameliinamisha, kama alivyokuwa akisikiliza lifti zake. Hakukigusa. Taruma kwa taruma walipita mbele ya binti, mbele ya mtoto aliyeacha kulia, mbele ya dirisha, mpaka kwenye cherehani. Mama Vifungo alikuwa ameinamia mshono na hakuwa anashona chochote. Akanyoosha mkono, akachukua kifungo chake.

Mzee Lifti akamgeukia binti yake.

"Kumi na viwili," alisema.