Shati la Ijumaa

Dobi wa Jumba Kuu watu walimwita Kola, kwa sababu ukipita mbele yake hakutazami usoni, anakutazama kola. Kwa miaka thelathini na mmoja alifua majoho ya viongozi wa dini na mashati ya walinzi wao, katika chumba cha chini chenye masinki mawili ya saruji, meza ya kupigia pasi, na dirisha linaloonyesha miguu ya wapita njia. Hakuwahi kupoteza hata soksi. Mwambie amechelewa, atakuomba radhi; mwambie amepoteza nguo yako, mtakosana mpaka kaburini.

Kazi yake yote ilitegemea uzi. Kila nguo iliyoingia aliishonea alama ndani ya kola: uzi mweupe, ichemshwe; wa bluu, maji baridi; mwekundu, ina kasoro ya kurekebishwa, kama kifungo au mfuko uliotoboka. Nguo ikitoka, anaukata. Huo uzi ndio uliomponza.

Jumatano moja asubuhi, katibu wa Jumba Kuu na mlinzi mmoja kijana walikutwa wamekufa kwa risasi katika chumba cha nyaraka. Kabla ya adhuhuri ofisi ya Jumba ilikwisha toa taarifa: mlinzi alimuua katibu kisha akajiua, na jambo hilo alikuwa amelipanga mwezi mzima. Uchunguzi ukafungwa. Mji ukafungua wa kwake.

Shemeji yake Kola, fundi redio, aliapa kwamba katibu hajafa, ameonekana dukani akijaribu viatu. Muuza vitabu alisema wauaji ni chama cha siri chenye watu saba, akawataja wanane. Mke wa Kola alikuwa na maelezo ya asubuhi na maelezo ya jioni, na ole wako uyachanganye.

Kola naye akakosea, akafungua mdomo.

"Yule kijana aliniletea shati Jumanne," alimwambia shemeji yake. "Akasema, 'Mzee, nalitaka Ijumaa, Jumamosi naenda kwa mama. Na kifungo hiki ukikaze, mama ataniona mzembe.' Sasa mtu aliyepanga kufa Jumatano atasumbua watu na shati la Ijumaa?"

Shemeji alimkazia macho. "Kifungo cha ngapi?"

"Cha pili."

"Na uzi?"

"Mwekundu."

Shemeji akakaa chini taratibu. "Mwekundu! Shemeji, unajua umeshika nini?"

"Shati."

Tangu hapo hakupata raha. Walikuja wenye madaftari, wenye kamera, na bwana mmoja mwenye futi ya fundi cherehani aliyegundua kwamba mkono wa kulia unazidi wa kushoto kwa nusu inchi, akatoka mbio bila kuaga. Wakauliza kwa nini kifungo cha pili na si cha tatu. "Kwa sababu ndicho kilicholegea," alisema Kola. Wakatazamana, wakaandika kwamba dobi anaogopa kusema. Mpishi wa Jumba aliona uzi mwekundu kwenye aproni yake iliyokuwa bado kwa Kola, akahama mji siku hiyo hiyo. Maskini, mfuko ulikuwa umetoboka tu.

Neno Ijumaa hakuna aliyeliandika. Hilo lilimuuma Kola kuliko kero zote.

Kisha ofisi ikaleta barua: shati lipelekwe kwao Jumatatu, likahifadhiwe. Kola alijua wanavyohifadhi. Tanuri la takataka lilikuwa nyuma tu ya ukuta wa chumba chake. Shemeji na wenzake nao wakaapa kulichukua kwanza, wakaliweke kwenye kioo. Kola akawachukia wote kwa pamoja. Shati lina mwenyewe, na mwenyewe akifa lina mama yake. Akamtumia mama huyo ujumbe kupitia mlinzi mwingine: kuna nguo yenu hapa, njoo kabla ya Jumatatu.

Alifika Jumapili asubuhi, mwanamke mfupi mwenye viatu vya vumbi. Hakukaa.

"Kila anayenijia ananiambia nani alimuua mwanangu," alisema. "Na wewe kaka, unasema nani?"

"Sijui, mama. Mimi nafua."

Mama akashusha pumzi, akaketi. Kola akamletea shati, limepigwa pasi, limekunjwa. Mama akapitisha kidole kwenye vifungo, akakivuta kile cha pili. Hakikucheza.

"Hiki kilikuwa kimelegea. Nilimgombeza."

"Alisema nikikaze, la sivyo utamwona mzembe. Alilitaka Ijumaa, Jumamosi aje kwako."

Dirishani viatu vilikwisha jazana. Cha shemeji kilikuwa mbele.

"Jumamosi ile nilimpikia," alisema mama. "Nilikwisha ambiwa amekufa, nikapika tu. Redio inasema mwanao alipanga mwezi mzima, mimi namwekea sahani. Nikajiona nimerukwa na akili." Akalikumbatia shati. "Kumbe alikuwa anakuja."

Kola akachukua mkasi, akaukata uzi mwekundu kama akatavyo siku zote. Kule nje mtu akapiga kelele kwamba ushahidi unaharibiwa.

Mlangoni walimzunguka mama. "Mama! Amekuambia nini?"

"Kwamba lilikuwa tayari tangu Ijumaa," alisema, akapita katikati yao na shati lake kifuani.

Shemeji akafungua daftari haraka. "Ijumaa," akanong'ona. "Kwa nini si Alhamisi?"