Maji Aliyoyameza Tata

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, kwetu kwenye milima ya kusini mwa Mbeya, hatukuogopa chui kama tulivyoogopa hasira ya mzazi aliyenyamaza. Hasira iliyosemwa haikumtisha mtu. Mama aliweza kukufokea mpaka majirani wakatoka nje, na jioni mkala ndizi chungu kimoja. Lakini mzazi akikaa na neno moyoni, wazee walituambia, pumzi yake inakufuata huko uliko, mwili unaingia baridi, na kama una mimba hujifungui. Dawa ilikuwa kusema tu. Mwenye neno alitakiwa kulitoa lote mbele ya watu, kisha ajaze maji kinywani na kuyapuliza chini, yaishe.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mzee wa kanisa, na mambo hayo aliyaita ya kipagani. Kwa hilo sikumlaumu na simlaumu leo. Mimi mwenyewe nimebatizwa, na nitazikwa kwa nyimbo za kanisa.

Dada yangu mkubwa aliitwa Tusekile, maana yake tumefurahi. Tata ndiye aliyempa jina hilo, na kila mtu kijijini alishaambiwa kwamba Tusekile atakuwa mwalimu. Badala yake aliondoka bila kuaga, na kijana mpasua mbao ambaye hakuwa amebatizwa. Jumapili iliyofuata Tata alisimama mbele ya kanisa zima akasema amemsamehe binti yake. Watu walimsifu sana, mchungaji akampa mkono.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kila jioni Tata alituombea watoto wake mmoja mmoja kwa jina, akianzia mkubwa. Tangu Jumapili ile alianzia kwa kaka yangu, wa pili. Mimi nilikuwa nikifumbua jicho moja, nikimwona Mama amefumba macho yake kwa nguvu pale jina la kwanza lilipopaswa kuwa. Hakuna aliyethubutu kuuliza.

Asubuhi moja ya ukungu, wanaume walishuka mlimani na machela. Juu yake alikuwa Tusekile. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi yake na mtoto alikuwa hatoki. Mumewe alisema wanampeleka hospitali ya misheni, ila mgonjwa amekataa kupitishwa nyumbani kwao bila kusimama. Wakamtua uani, chini ya migomba, uso wake umekuwa wa kijivu.

Bibi, mama yake Tata, hakuuliza lolote. Alinipa kibuyu akanituma chemchemini, nami nikakimbia, nikarudi nimelowa kifua kizima. Nilipofika Tata alikuwa amesimama karibu na machela, amevaa koti lake la kanisani. Sijui alilivaa saa ngapi.

Tusekile alimshika pindo la koti. "Tata," alisema, "nigombeze."

"Sina neno na wewe, mwanangu. Nilishasamehe. Kanisa zima linajua."

"Nigombeze tu, Tata. Sema nilivyokufanyia."

Tata alitazama watu waliojaa uani, wengi wao wa kanisani kwetu, akarudia kwamba hana neno. Alisema kwa upole sana, na upole ule ndio ulionitia hofu. Bibi alinipokonya kibuyu, akachota maji kwa kata, akamwekea mwanawe mkononi. Tata alijaza maji kinywani. Mashavu yake yalikuwa yamevimba, na macho yalikuwa yamejaa machozi, na kwa muda ule mfupi nilimwona baba yangu kama alivyokuwa, mtu aliyeumizwa na mtoto anayempenda kuliko sisi wote.

Halafu akayameza. Akafuta mdomo, akasema, "Tuombe."

Tusekile aliliachia koti. Sala ilipokwisha wakamwinua, naye hakugeuka kututazama. Hawakuwa hata wamevuka mto wa bondeni, mdogo wa mumewe aliporudi mbio. Dada yangu alikuwa amekufa, na mtoto tumboni.

Jioni baada ya maziko Tata alipiga magoti, akaanza kutuombea kwa majina. Akaanzia kwa Tusekile. Mama aliinuka katikati ya sala akatoka nje, na tangu siku hiyo hakupiga tena magoti pamoja naye.

Sijui kama pumzi ya mtu inaweza kuua. Mkunga mmoja niliyemsimulia nilipokuwa mtu mzima aliniambia mtoto alikuwa amekaa vibaya, na kwamba hata kama wasingesimama kwetu wasingewahi hospitali. Huenda ni kweli, lakini hainisaidii. Dada yangu alibebwa milima yote ile akimtafuta baba yake, hata kama ni wa kumtukana, akapewa mzee wa kanisa. Na Tata hakuwa mnafiki, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliamini kwa dhati kwamba Mungu anamtaka yule wa kwenye koti, na huyu mwingine anayelia hana nafasi.

Nami nimezeeka kanisani. Akina mama wenzangu husema nimekua kiroho, kwa kuwa hawajawahi kunisikia nikigombana na mtu. Mtu akinikosea natabasamu, nasema sina neno, na koo linameza lenyewe. Nimefanya hivyo miaka mingi mno, sasa sijui tena ni nani anayetabasamu.

Siku hizi nikiwa peke yangu nashindwa kuomba baraka. Nasema tu, Tata uliye juu, nigombeze. Kisha nangoja.