Utangulizi kwa Hindi Moja

Enzi zetu, na ninyi tuliosoma nanyi Endasak mtanishuhudia, insha haikuanza kabla ya salamu. Ungeingiaje kwenye karatasi ya mtu mzima na kumwaga shida zako kama unayekimbizwa na nyuki? Tuliandika: "Shikamoo Mwalimu. Habari za nyumbani? Sisi hatujambo, ng'ombe pia, isipokuwa yule mwekundu." Ukishaulizia na mvua, ukurasa umekwisha, insha bado iko njiani.

Mwalimu Zainabu, aliyeletwa kwetu kutoka Mtwara, alivumilia muhula mmoja. "Wanangu, salamu zote nimepokea. Marahaba. Sasa utangulizi uko wapi? Utangulizi ni kumshika msomaji shati asiondoke." Akatupa kazi: insha juu ya mashamba ya ngano ya serikali. Mwenye utangulizi bora angepanda kombaini, ile mashine ya kukata na kupura ngano, siku ya kuvuna, kando ya dereva kabisa.

Kombaini! Tulizoea kuiona kwa mbali, ikitembea na vumbi lake kama tajiri na wapambe. Nilikitaka kile kiti kuliko wali wa Krismasi.

Nikaandika sentensi tatu, maneno arobaini na moja. Nilihesabu mara mbili. "Ngano ni zao muhimu sana katika taifa letu tukufu..." Wenzangu wakaanza kuninyemelea. Nikaweka bei: hindi moja la kuchoma, unanakili, ila uape kubadilisha maneno. Wanne wakaapa, wakalipa. Ulezi, viazi na ahadi sikupokea.

Paskalina, jirani yetu, akaja na nusu hindi.

"Hii ni nusu," nikasema.

"Basi nipe nusu utangulizi."

"Haukatwi huu."

"Punguza, kaka. Mbuzi wananisubiri."

"Hindi zima, dada."

Akalitafuna mbele yangu, punje kwa punje, bila haraka. "Baki nao. Mimi nitaingia bila hodi."

Ijumaa Mwalimu akasoma kwa sauti. Daftari la kwanza: ngano ni zao muhimu sana. La pili: ngano ni zao muhimu sana. Kufika la tano, ambalo ndilo langu, darasa zima liliimba naye. Wale wanne hawakubadilisha hata nukta.

"Ninyi watano ni mapacha?" akauliza.

Kisha akafungua la Paskalina: "Mbuzi wetu waliingia kwenye ngano ya serikali watatu, wakatoka wawili na mlinzi."

Akalifunga papo hapo.

"Halafu?" nikapiga kelele. Mimi mwenyewe, kabla sijajizuia. "Yule wa tatu je?"

"Umeshikwa shati," Mwalimu akasema.

Siku ya kuvuna darasa zima lilikwenda shambani. Sisi watano tulipewa kuokota masuke yaliyodondoka. Kombaini ikapita, Paskalina juu kando ya dereva, akatuinulia mkono. Mkononi ana hindi. Zima.

Siku hizi ile ngano ya kufika upeo wa macho haipo tena kama zamani, na mpwa wangu wa chuo huandikiwa utangulizi na simu. Juzi alinisomea: "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi..."

"Mnao wangapi huo?" nikamwuliza.

"Karibu darasa zima, mjomba."

Darasa zima, na hakuna aliyetoa hata punje! Nikamwambia aniachie niukague. Nimehesabu maneno yake mara mbili. Hamna mbuzi hata mmoja.