Kapteni Dastani Amwamkia Rika Lake

Kwa watu wa Lupaso, wawili waliotoka jando pamoja hawapeani shikamoo mpaka mmoja wao anaingia kaburini. Mmoja anaweza kuwa kanali na mwingine mchoma mkaa; wakikutana njiani huanza kwa matusi ya utani, kila mmoja akijidai kushangaa kwamba mwenzake bado anapumua. Shikamoo ni haki ya aliyetangulia kuzaliwa. Ukimpa rika lako, umemwambia kwamba hamkulala pamoja katika likumbi, kile kibanda cha wanajando, wala hamkuota moto mmoja.

Dastani alilijua jambo hilo kama alivyolijua jina lake la ubatizo. Jando lao lilikuwa la Kikristo, lenye baraka za padre, wakati wa vita ile kubwa ya Wazungu. Kidonda chake kilikataa kupona, na akashikwa na homa. Aliyelala karibu naye alikuwa mtoto wa jirani aitwaye Nikolao. Nikolao ndiye aliyekuwa akiamka kuchochea moto kila ulipofifia, na ndiye aliyemwachia uji wake huku akisema kwamba hapendi uji. Baadaye ilijulikana kwamba aliupenda kuliko wote.

Walipotoka jandoni, baba yake Dastani alitaka mwanawe asome. Mwalimu wa misheni hakuwa akipokea darasa la kwanza watoto waliopita umri, naye Dastani alikwisha kupita. Baba akamnyoa kipara, akamkumbusha asinyooshe mabega, akamwambia mwalimu kwamba mtoto ana miaka saba. Miaka minne ikaachwa pale mlangoni mwa shule, na hakuna aliyeiona kuwa dhambi. Nusu ya watoto wa darasa lile waliingia kwa njia hiyo hiyo.

Elimu ile ndiyo iliyomfikisha mbali. Alifundisha kwa muda, kisha baada ya Uhuru akachaguliwa kwenda kusomea urubani. Akarusha ndege za shirika la Afrika Mashariki mpaka jumuiya ilipovunjika, akahamia ndege za taifa, na milango ya biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi akaajiriwa na Bwana Adolf, mfanyabiashara wa kutoka Kaskazini aliyenunua ndege ndogo ya injini mbili. Serikali ilikuwa imeachia biashara ya korosho, na wanunuzi waliotaka kufika Masasi, Newala na Tandahimba kabla ya wenzao hawakuwa na subira ya barabara ya Kibiti. Kila msimu Dastani aliwashusha Masasi, mji ulio karibu na kwao Lupaso, na kila aliposhuka Nikolao alikuwa ukingoni mwa kiwanja na baiskeli yake, kikapu cha ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kikiwa kimefungwa nyuma.

"We kibogoyo," Nikolao alikuwa akianza, "hicho chuma hakijakutapika tu?"

"Kinasubiri kukuzika wewe kwanza," Dastani alikuwa akijibu, na abiria wa mjini walidhani wazee hao wana ugomvi.

Katika msimu wa mwaka tisini na tano maneno hayo yalianza kumtia Dastani hofu. Kanuni ilimtaka rubani wa ndege za abiria aache kazi akitimiza miaka sitini, na kwa hesabu ya shule yeye alikuwa akiitimiza Januari. Lakini mjini kulikuwa na mjadala wa kuisogeza kanuni hiyo mpaka miaka sitini na mitano. Marubani waliisubiri habari hiyo kama wakulima wasubirivyo mvua ya kwanza, kwa kuwa wengi walikuwa na afya njema na uzoefu ambao nchi haikuwa na haraka ya kuutupa. Dastani aliiamini hoja hiyo kwa moyo wake wote. Tatizo lake lilikuwa moja tu: Januari ile, kwa hesabu ya likumbi, angetimiza sitini na minne.

Tena kulikuwa na mbuzi wa Newala. Mwezi wa Agosti, akishusha ndege pale juu ya uwanda wa Makonde, hakuwaona mbuzi waliokuwa wakivuka kiwanja. Aliyewaona ni Edson, rubani msaidizi, mtu wa Iringa mwenye adabu nyingi, aliyeshika usukani wake bila neno na kuipandisha ndege tena. Walipotua mara ya pili, Edson alisema tu kwamba jua lilikuwa kali. Jua halikuwa kali. Tangu siku hiyo Dastani hakuweza kumtazama kijana yule machoni asubuhi bila kuhisi kwamba anadaiwa kitu, wala hakuacha kuruka.

Mwezi wa Novemba Bwana Adolf akamletea mgeni. Alikuwa Bi Claudia, mama wa makamo kutoka katika ofisi iliyokuwa ikichunguza suala la umri wa marubani. Hakutaka kusikiliza hotuba. Alitaka kusafiri na rubani mwenye umri unaokaribia sitini na kujionea. Adolf akamwambia Dastani, nusu akitania, kwamba siku hiyo amebeba mgongoni marubani wazee wote wa nchi hii.

Safari ilikwenda vizuri, Adolf naye akiwa miongoni mwa abiria. Dastani aliishusha ndege Masasi taratibu hata mnunuzi mmoja aliyekuwa amelala hakuamka. Bi Claudia akashuka akitabasamu, akamwambia Adolf kwamba laiti kijana wake anayemwendesha mjini angekuwa na mkono kama ule.

Hapo ndipo Nikolao alipokuwa akija, akisukuma baiskeli yake.

Dastani alimwona kama ambavyo Bi Claudia angemwona: mgongo umepinda kwa miaka ya kuinama chini ya mikorosho, nywele nyeupe tupu, meno ya mbele hayapo. Akaona kinywa kinafunguka kusema neno lao. Mtu yeyote angeuliza wazee hawa wamejuana wapi, na jibu lingekuwa jandoni, na mwenye macho angemalizia hesabu mwenyewe. Dastani akavua kofia yake ya urubani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Nikolao alisimama. Mkono wake ulibaki juu ya kiti cha baiskeli. Alimtazama Dastani, akamtazama Adolf, akamtazama yule mama mwenye mkoba, na Dastani akajua kwamba ameelewa yote, kwani hata utotoni Nikolao hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Marahaba, mwanangu," Nikolao akajibu. "Hujambo?"

"Sijambo."

Bi Claudia naye akaamkia, akauliza kwa upole kama mzee ni ndugu wa kapteni. Nikolao akacheka kicheko kidogo. Akasema huyu ni mtoto wa jirani, amembeba mgongoni akiwa anatoka kamasi, na kwamba tangu hapo alikuwa mwepesi kama ndege mwenyewe. Wote wakacheka. Kisha akafungua kikapu, akampa Edson ming'oko, akapanda baiskeli yake na kwenda. Hakumpa Dastani.

Mchana ule wanunuzi walikuwa na shughuli zao Masasi mpaka kesho, basi Dastani akaazima pikapu ya mwenyeji wao akaenda Lupaso. Njiani alijipangia maneno mengi, na kila aliyoyapanga yalianza kwa kumlaumu mtu mwingine: mwalimu, baba yake, kanuni.

Agatha, mke wa Nikolao, alikuwa akianika mihogo. Alimpokea, lakini hakumwita shemeji kama siku zote. Akaita ndani, "Baba Evelina, mwenzio amekuja."

Nikolao akatoka, akaketi kwenye kiti chake. Dastani akajaribu kusema lile neno lao la utani, likatoka likiwa dhaifu.

"Marahaba," akajibu Nikolao.

"Nikolao, usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie nini, mwanangu? Mama Evelina, mpe kijana kigoda. Asisimame kama mgeni."

Agatha akaleta kigoda kidogo cha watoto, akakiweka chini bila kumtazama. Dastani akakikalia. Magoti yake yakapanda karibu na kidevu, na maumivu yaliyomshika kiunoni yalikuwa ya mtu wa miaka sitini na mitatu, hata kama hakuna mwingine aliyekuwa akihesabu. Akaanza kueleza: kuhusu yule mama, kuhusu kanuni, kuhusu marubani wengine waliokuwa wakimtegemea. Akaeleza kwamba kanuni ikipita, hata kwa umri wake wa kweli angekuwa ndani yake kwa mwaka mmoja. Nikolao alisikiliza yote akipukuchua mahindi.

"Mimi sikukuzuia," akasema mwishowe. "Yule mama aliuliza, nikamjibu vizuri. Au sikujibu vizuri?"

"Ulijibu vizuri."

"Basi ruka. Miaka ile uliyoiacha nimekubebea mimi, sina neno nayo." Akapukuchua gunzi lingine. "Lakini tulikubaliana, sisi wa likumbi letu, kwamba atakayetangulia, walio hai watakaa kichwani pake mpaka azikwe. Tumewakalia wengine wote. Tumebaki mimi na wewe. Nikifa mimi, nani atakaa pale? Mtoto wa jirani hakai pale."

Pasipo kukusudia, Dastani akajikuta akimsimulia habari ya mbuzi wa Newala, ambayo hakuwa ameisimulia hata kwa mkewe. Alisema kwamba hakuwaona kabisa, mpaka Edson alipoinua ndege. Nikolao aliacha kupukuchua.

"Ndani mlikuwa na watu?"

"Ndege ilijaa."

"Wa kwetu?"

"Wengine wa kwetu. Mwalimu wa Newala, na mama mmoja anatoka hospitali na mtoto mchanga."

Nikolao akatikisa kichwa polepole. Hakumwita mwanangu tena, wala hakumwita kwa jina lingine lolote. Akasema jua linakwenda, na njia ya Lupaso ina mashimo kwa mtu asiyeona vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya kuondoka.

Asubuhi walikutana kiwanjani. Ndege ilikwisha kukaguliwa, na wanunuzi walikuwa wakipanda. Bi Claudia alikuwa na furaha. Alimwambia Adolf kwamba atakayoyasema mjini kuhusu kapteni huyu hayatawahuzunisha wazee. Dastani alikuwa amesimama karibu na bawa, kofia mkononi, na alikuwa bado hajaamua, au alijidanganya kwamba hajaamua. Ndipo akaona baiskeli inakuja. Nikolao alikuwa amemwahidi Edson kikapu cha kupeleka kwao, na ahadi kwake ilikuwa ahadi. Alipita kando ya Dastani kama apitavyo mtu kando ya mti.

"We Nikolao," Dastani akasema, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye mlango wa ndege. "Kibogoyo we, mgongo kama upinde, bado tu hujafa?"

Bwana Adolf akageuka haraka. Nikolao aliweka kikapu chini, akamgeukia.

"Nitakufaje," akasema, "wakati aliyenitangulia kulia jandoni yuko hai?"

Bi Claudia alikuwa akiwatazama wote wawili. "Kapteni," akauliza, "si jana ulimwamkia mzee huyu?"

"Nilimkosea, mama, na wewe pia nilikukosea. Huyu ni rika langu. Tuliingia jando siku moja. Nina miaka sitini na mitatu, na Januari natimiza sitini na minne."

Akamweleza habari ya shule kwa kifupi, bila kumtaja baba yake kwa lawama. Kisha akamweleza na ya mbuzi, kwa kuwa aliona hiyo ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Edson aliinamisha macho. Adolf alitembea mpaka nyuma ya ndege, akasimama huko akiwa amewapa mgongo.

Bi Claudia hakukasirika, ingawa hasira yake ingekuwa rahisi zaidi kwa Dastani kuibeba. Alisema kwamba kanuni bado ni ya sitini, kwa hiyo kapteni hawezi kuketi mbele siku ile wala siku nyingine. Akauliza kama Edson ana leseni ya kuongoza mwenyewe. Anayo, akaambiwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayesema na nafsi yake, kwamba alitaka sana kuwasaidia marubani wenzake kapteni, na sasa watakaomsikiliza watauliza ni wangapi wengine walionyolewa vipara.

Maneno hayo yalimwingia Dastani na yakabaki. Aliwajua wenzake waliokuwa na sitini ya kweli, wenye macho makali, waliostahili miaka mitano ile bila hila yoyote. Alikuwa amewaponza jana kwa kuficha, na leo kwa kusema, na hakujua ni siku ipi aliyowaponza zaidi.

Alimkabidhi Edson kofia, ingawa kofia haikuwa sehemu ya kazi. Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akamwamkia shikamoo, akapanda. Kulikuwa na kiti nyuma, na Adolf, akiwa hamtazami, alimwambia anaweza kurudi kama abiria. Dastani akasema atakuja kwa basi.

Ndege ilikimbia, ikanyanyuka, ikakunja kuelekea pwani. Edson aliigeuza mapema kidogo kuliko ambavyo Dastani angeigeuza, na ikamlazimu mzee kukiri moyoni kwamba iligeuka vizuri.

Nikolao alikuwa akifungua kamba za baiskeli. Alitoa mfuko wa ming'oko uliobaki, akautia mikononi mwa Dastani, kisha akaongeza jembe alilolileta mjini linolewe na debe tupu la mafuta.

"Beba," akasema.

"Na baiskeli je?"

"Baiskeli naisukuma mimi. Jana ulikuwa mtoto, na mtoto hubeba. Tukifika Lupaso tutaona kama umekua."

Dastani akatia debe kwapani, akaweka jembe begani, wakaanza kutembea kuelekea barabarani. Nikolao alitangulia kidogo, wala hakupunguza mwendo.