Ua la Kahawa Ndani ya Klé

"Yaya Salomon, kama mutu anakamata kitu, na mwenye kitu anabaki nacho vilevile, ile iko wizi?"

Séphora, mtoto wa jirani aliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa, aliuliza vile akiwa angali kwenye shule ya msingi, ameegemea meza ya Salomon, fundi wa broderi wa Butembo. Alikuwa amemsikia akimweleza mteja kwamba programu ya kuchora maua ya broderi inauzwa Ulaya kwa bei ya mashini mbili za kushona, na kwamba yeye alipata yake bure, kufuli limevunjwa na mutu asiyejulikana. Salomon alicheka, akamtuma kununua uzi mwekundu.

Hakuwa mutu mubaya. Mafundi wa barabara ile nzima walifanya kazi na programu za namna ile. Tena hakuwa na choyo: fundi akikuja na klé yake, flash ya kompyuta, Salomon aliichomeka kwenye ordinatere, akamkopia, akakataa hata soda. Kitu kilichokuja bure, alisema, kitoke bure.

Chake mwenyewe kilikuwa kimoja tu, ua la kahawa. Alilichora kwa majuma mengi, akirudi kila mara Kalunguta, kwenye shamba la mama yake, kutazama matawi yanavyochanua. Kwao, ndoa ikikaribia, jamaa nzima hukata pagne moja, kitambaa cha sare, na wamama wa upande wa bibi-arusi hutaka broderi kifuani. Wote sasa walitaka ua la Salomon. Walipanda kutoka Beni kulifuata, na kazi ile ndiyo iliyosomesha watoto wake.

Halafu akafika Lukman, fundi kijana wa Beni, kuomba programu. Salomon, vidole vimejaa uzi, akamkopia dosie yote, faili zote kwa pamoja, bila kuangalia. Ua lilikuwa ndani.

Musimu wa ndoa uliofuata, wateja wa Beni hawakupanda tena. Kisha wa Butembo wenyewe wakaanza kushuka Beni, kwa kuwa Lukman alishona ua lilelile kwa bei ya chini. Salomon akakamata motari, pikipiki ya kukodi, mpaka Beni, njia nzima akipanga matusi.

Lukman hakukana. Alimvutia kiti, akamumiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Ndipo akasema polepole:

"Mais yaya, ulinipatia byote ku klé moja. Programu ya muzungu tulikula pamoja tukicheka. Yako njo inakuwa wizi?"

Lukman, kwa haya, akaahidi kuliacha ua lile, lakini Salomon alijua ni bure: lilikuwa limeshapita klé kwa klé mpaka kwa mafundi wa Lubero. Wateja hawakurudi. Siku hizi Salomon anashona zaidi alama za shule kwenye mapulovere ya wanafunzi.

Mwaka huu Séphora, anayemaliza sekondari, alimletea pulovere yake ishonwe alama. Salomon aliipindua, akaisahau mikononi.

"Ile swali yako ya zamani," akasema. "Ua ningali nalo ku mashini, hakuna kitu kilipungua. Byenye nilikosa ni bale bamama benye balikuwa banakuja kuniomba. Donc ndiyo, iko wizi. Na programu ya ule muzungu ningali natumika nayo, juu bei yake hata leo sitaifikia, na batoto banapashwa kula. Mais sijidanganyi tena."