Ubeti wa Pili wa Shangazi Eliza

Harufu ya majivu na limau hunirudisha kijijini Hasamba, kwenye ghala la kahawa la babu, Desemba ile nilipokuwa na miaka kumi na moja. Ndivyo tulivyoyasugua matarumbeta ya kanisa kabla ya Krismasi: majivu, limau na kipande cha kanga iliyochakaa, hadi vidole vikawasha. Mvua ilipiga bati, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na ukungu uliingia hadi ndani bila kubisha hodi. Babu alikuwa kiongozi wa bendi na mpigaji wa tarumbeta kubwa la besi. Mimi nilipewa tarumbeta dogo kuliko yote, nikaringa nalo kana kwamba nimelizaa.

Mwaka huo shangazi Eliza, bintiye babu, alirudi kutoka Zambia akiwa mjane, amebeba saksafoni ya marehemu mumewe aliyekuwa akipiga jazi hotelini. Babu hakuwahi kuibariki ndoa ile. Kwa miaka tisa hakulitamka jina la bintiye. Mchungaji alimwombea shangazi nafasi kwenye bendi, babu akakubali shingo upande: Krismasi ikienda vyema atabaki, ikiharibika asikae nasi tena. Kwetu ubeti wa pili wa wimbo wa horini, ule wa mtoto aliyelazwa kwenye hori la ng'ombe, hupigwa na ala moja tu, waumini wakiwa kimya. Babu akampa yeye. Watu wakanong'ona kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

"Uupige kama ulivyoandikwa," babu alimwonya mazoezini bila kumtazama. "Mwacha mila ni mtumwa."

"Sawa, baba," shangazi alijibu.

Asubuhi ya Krismasi hakuupiga kama ulivyoandikwa. Alianza chini, taratibu, kisha akaiacha sauti iteleze, ichelewe, ipande mahali ambapo sote tulizoea kushuka. Wimbo niliousikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama ukanijia kama habari mpya: mtoto kweli amezaliwa, tena jana, tena kwa jirani. Nywele zilinisimama. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Ubeti wa tatu ulipofika, hakuna aliyejua aingie wapi. Nikapuliza peke yangu, nje kabisa ya wimbo, nikanyamaza kwa aibu. Shangazi akaishusha saksafoni. Kanisa zima likamgeukia babu.

Babu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Eliza," alisema. "Rudia. Taratibu kidogo, tukufuate."

Tukamfuata, kwa kuyumbayumba, besi ya babu ikimtafuta bintiye hatua kwa hatua. Nililia huku napuliza.

Siku hizi, Desemba ikifika, maduka ya Tunduma hupiga nyimbo za Krismasi za jazi tangu asubuhi, laini, bila kosa, na hakuna anayeinua kichwa. Mimi sasa ndiye mwalimu wa bendi. Jumapili iliyopita binti mmoja wa kwaya aliniletea wimbo uleule wa horini, ameupanga kwa namna yake kwenye kinanda. Nilimkatisha kabla ubeti haujaisha, nikamwambia aupige kama ulivyoandikwa. Babu aliishia darasa la nne. Mimi nina cheti cha muziki ukutani.