Beki wa Kushoto na Ripoti Niliyotakiwa Kuandika

Mwaka ambao klabu yetu iliponea chupuchupu kushuka daraja, kamati ilinitaka niandike ripoti juu ya mchezaji mmoja tu, beki wetu wa kushoto. Mkataba wake ulikuwa unakwisha, na swali lao lilikuwa fupi: tumpe mkataba mwengine, au tumwache aende zake?

Mimi si kocha. Nafundisha michezo kwenye skuli moja ya serikali huku Hail, nchi ya Waarabu, na jioni napiga video za mechi za klabu, kisha nazikata vipande vipande ili kocha awaoneshe wachezaji makosa yao. Kazi hiyo nimejifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kurudia. Kuulizwa juu ya mkataba wa mtu ilikuwa mara yangu ya kwanza, na sikatai kwamba kichwa kilinivimba kidogo.

Beki mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na saba. Kwao ni mtaa wa Wadi Kabir, nyuma ya magereji, na aliyemlea ni bibi yake mzaa mama, mwanamke wa Kipemba, ndiyo maana mimi na yeye tulikuwa hatusemezani Kiarabu ila mbele ya watu. Alipokuwa mzima, hapakuwa na winga aliyependa kukutana naye. Tabu ni kwamba alikuwa hakai mzima. Atacheza mechi tatu, ya nne utamwona kasimama ghafla, kashika msuli wa nyuma ya paja, uso kauinamisha. Mashabiki wakampa lakabu ya Mgeni, kwa kuwa haonekani ila siku moja moja.

Ripoti ya kwanza niliimaliza haraka. Nilipanga mechi alizocheza upande mmoja na alizokosa upande wa pili, na alizokosa zilikuwa nyingi zaidi. Kwa hesabu hiyo jawabu lilikuwa wazi: aende. Nikaichapa, nikaitia kwenye bahasha.

Ijumaa ile, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa kwa mama na kompyuta yangu mapajani, natazama tena vipande vya yule beki. Mama ni mtu wa mpira tangu usichana wake Unguja. Alikuwa akifuatana na kaka zake uwanjani wakati wenziwe wanajifunza kufuma. Akasogeza kiti, akavaa miwani.

"Ndiye huyo mnayetaka kumfukuza?"

"Hatumfukuzi, mama. Mkataba unakwisha."

Akatazama kipande kizima. Halafu akasema, "Hebu rudisha nyuma. Hapo. Mbona huyu hageuki kushoto?"

"Anageuka."

"Mie nnaona hageuki. Mtu anampita kwa kushoto, yeye anazungukia kulia, duara zima, kama mtu aliyepotewa na mlango. Rudisha tena, mwanangu, utizame kwa macho yako."

Nikarudisha. Mama alisema kweli. Winga alipompita upande wa nje, karibu na mstari, yeye badala ya kugeukia kule kule, alijizungusha kwa upande wa pili. Akapoteza hatua mbili. Kisha ikambidi akimbie kwa nguvu zake zote kuzirudisha zile hatua mbili, na hapo ndipo paja lilipomkata.

Nilifungua mechi zote alizoumia, moja baada ya moja. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Miaka miwili nimempiga video mtu huyu kila wiki, na sikuwahi kuliona jambo ambalo mama aliliona kabla chai haijapoa. Niliona haya, kisha nikaichana ile bahasha.

Kesho yake nikamfuata kwao. Nilimkuta kwenye kivuli cha ukuta anafunga kamba za viatu, nikamwonesha vile vipande kwenye simu bila ya kusema kitu. Alitazama viwili, cha tatu akanirudishia simu.

"Nani kakwambia, kaka?"

"Hakuna aliyeniambia. Imeonekana. Una nini mguu wa kushoto?"

Akainua suruali. Kifundo kilikuwa kinene kuliko mwenziwe, na alipojaribu kukikunja kilikwama nusu ya njia. Akanieleza kwamba akiwa na miaka kumi na tisa alikivunja hapo hapo mtaani, kwenye kiwanja cha changarawe, wiki chache kabla ya majaribio ya klabu. Hospitali hakwenda. Bibi yake alimkanda na kumfunga, naye akaenda kwenye majaribio akiuma meno, akachukuliwa. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu.

"Usiandike hilo," akasema. "Ukiandika mguu wangu mbovu, umenizika."

"Na nisipoandika, ripoti itasema wewe ni dhaifu tu, huna sababu wala dawa. Bora kipi?"

Akaishusha suruali. Nikamwambia kwamba mimi nitaandika nilichokiona, si zaidi si pungufu, lakini la kifundo litoke mdomoni mwake mwenyewe. Mkutano ni Jumatano baada ya Alasiri. Akitaka aje, asipotaka asije. Nikaondoka roho nzito, maana nilijua nimemshika mtu pabaya.

Jumatano ilipofika, wakubwa wa kamati walikuwa wamekaa kwenye majlisi ya klabu, chumba cha kupokelea wageni, kahwa inazunguka. Mwenyekiti ni mzee mkali, mfanyabiashara, hapendi maneno mengi. Kocha wetu, Mtunisia, alikaa pembeni kimya. Nikawasha video. Kwanza nikawaonesha mechi ambayo kijana wetu alimbana kabisa winga bora wa ligi, mpaka yule akahamia upande wa pili kutafuta nafasi ya kupumua. Halafu nikawaonesha kule kugeuka.

"Kwa hivyo ana kilema," akasema mwenyekiti kwa Kiarabu, "na wewe unataka tukinunue?"

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa. Beki aliingia na kanzu yake ya dishdasha, nyeupe, imepigwa pasi, mkononi bahasha kubwa ya hospitali. Akatoa salamu, akawapa mkono wote, kisha akaiweka picha ya eksirei mbele ya mwenyekiti.

"Niliwaficha," akasema. "Nilikuwa na khofu. Jana nimekwenda kwa daktari. Anasema kiungo kimekaza, lakini kwa mazoezi ya miezi kitalegea, upasuaji hauhitajiki. Kosa ni langu. Mkiniacha, sitamlaumu mtu."

Nilimtazama nikajisikia kujivuna kama aliyesimama pale ni ndugu yangu. Nimeona wanaume wakubwa wakishindwa kusema "kosa ni langu" kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mwenyekiti aliigeuza ile picha juu chini. Hatimaye akamwuliza kocha, "Akigeuka, ana thamani gani?" Kocha akasema, "Akigeuka, hatuna uwezo wa kumnunua." Watu wakacheka, na mambo yakalegea. Wakampa mwaka mmoja: mshahara mdogo kuliko wa mwanzo, na nyongeza kwa kila mechi atakayocheza. Alitia saini pale pale.

Kiangazi kile tulikutana alfajiri pwani ya Hail kabla jua halijawa kali. Daktari alimpa mazoezi, mimi nikasimama kama winga na kumpita kwa nje, mara hamsini, mara sitini, naye anajifunza kugeuka kushoto kama mtoto anayejifunza kutembea. Wiki za mwanzo alianguka mchangani akatukana. Baadaye ikawa naanguka mimi.

Mechi ya pili ya msimu, winga mmoja mwenye mbio alimvuta mpaka kwenye mstari, akampita kwa nje. Beki wetu akageuka kushoto. Hatua moja tu, akaukata mpira, akautoa. Kwenye video ya mechi ile sauti yangu inasikika napiga kelele kama kichaa, na kocha aliwaonesha wachezaji wote, wakanicheka wiki nzima. Sikujali.

Sitasema hakuumia tena. Katikati ya msimu paja lilimshika, akakaa nje wiki mbili. Lakini alirudi, na akacheza mpaka mwisho. Lile jina la Mgeni likafa lenyewe.

Mwaka ulipokwisha, klabu kubwa kuliko yetu ikamtaka kwa miaka miwili. Mtu wao alinipigia simu skuli, wakati wa mapumziko, watoto wanapiga kelele nyuma yangu. "Tuambie ukweli," akasema, "huyu mtu wenu anaumia sana?" Nikamwambia yote: kifundo, paja, zile wiki mbili. Nikampelekea na video zote, za kugeuka kubaya na za kugeuka kuzuri. Wakamchukua.

Mwenyekiti alininunia, maana tulipoteza beki. Mimi nilirudi uwanjani kwa watoto wangu na filimbi yangu, na siku nzima nilikuwa natabasamu peke yangu.